Kabla Matokeo Hayajatoka: Neno kwa Wazazi wa Karatu na Ngorongoro Kuhusu Udahili wa Vyuo Vikuu

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya Kidato cha Sita mnamo mwezi Julai, steshenari zenye intaneti mjini Karatu hujaa vijana. Wapo wanaotoka Mang'ola, ambako wazazi wao wanalima vitunguu kwa maji ya chemchemi. Wapo wa Mbulumbulu, Rhotia na Endabash. Wapo pia wanaoteremka kutoka Endulen na Nainokanoka, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, wakapita lango la Lodoare ndipo waifikie lami. Kila mmoja ameshika namba yake ya mtihani na simu ya mzazi.

Siku chache baadaye furaha ya baadhi yao hugeuka kuwa simanzi. Mmoja anaona kwamba pointi zake zinatosha, ila masomo aliyofaulu siyo yanayotakiwa na programu aliyoitamani tangu utotoni. Mwingine anaambiwa kwamba jina lililo katika cheti chake cha kuzaliwa halifanani na lililo katika cheti cha Kidato cha Nne. Wa tatu ni yatima, na hana cheti cha kifo cha baba yake ambacho Bodi ya Mikopo inakidai. Hawa wote wamefaulu mtihani, lakini wanaweza kubaki nyumbani mwaka mzima.

Ndugu msomaji, makala hii inakusudia kusema jambo moja: udahili wa chuo kikuu hauanzi Julai ya Kidato cha Sita. Huanza mtoto akiwa Kidato cha Pili, anapochagua masomo ya kuendelea nayo, na sehemu kubwa ya maandalizi yake hufanyika nyumbani. Mzazi asiyejua kusoma na kuandika anaweza kuisimamia, maadamu ajue ni nini cha kuuliza na amuulize nani.

Kipimo kinachotumika

Msimamizi wa udahili wa shahada ya kwanza nchini ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza kazi mwaka 2005. Kwa mhitimu wa Kidato cha Sita, kiwango cha chini cha TCU ni kufaulu masomo mawili kwa daraja lisilo chini ya E, na pointi za masomo hayo mawili zikijumlishwa zisipungue 4. Kwa waliohitimu kuanzia mwaka 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Waliohitimu mwaka 2014 na 2015 walipimwa kwa mpangilio mwingine wa madaraja, hivyo wasome kipengele kinachowahusu.

Tufanye hesabu pamoja. Kijana mwenye D mbili ana pointi 4, amefika. Mwenye C moja na E moja naye ana 4, amefika. Mwenye D moja na E moja ana 3. Hakufika, hata kama cheti chake kinaonesha kwamba amefaulu mtihani. Somo la General Studies la Kidato cha Tano na Sita haliingii katika hesabu hii.

Jambo linalowapita wazazi wengi ni kwamba pointi hizo lazima zitokane na masomo yanayotambuliwa na programu inayoombwa. Anayetaka udaktari wa binadamu hupimwa kwa Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu, kwa jumla ya pointi zisizopungua 6. Programu nyingi za biashara na uchumi humtazama mwombaji hata katika Hisabati ya Kidato cha Nne. Kwa hiyo mtoto aliyeiacha Hisabati imshinde akiwa na miaka kumi na sita amejifungia milango ambayo bado hajaiona.

Na ikumbukwe kwamba kiwango cha chini ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi zikiwa chache na waombaji wakawa wengi, wenye alama za juu hutangulia. Mtoto anayelenga fani yenye ushindani asiambiwe kwamba pointi 4 au 6 zinamtosha.

TCU hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili wa aina mbili: mmoja kwa wahitimu wa Kidato cha Sita, mwingine kwa wenye diploma. Humo kila chuo na kila programu vimeorodheshwa pamoja na masharti yake. Miongozo hiyo imeandikwa kwa Kiingereza na hupatikana bila malipo katika tovuti ya Tume. Mzazi amwombe mwalimu amsomee ukurasa mmoja tu, ule wa fani anayoitaka mwanawe, na afanye hivyo kabla mtoto hajachagua tahasusi ya Kidato cha Tano.

Somo la dini katika hesabu ya ufaulu

Hapa pana jambo ambalo kila familia ya Kiislamu yapasa ilijue. Kwa kozi za cheti na diploma zilizo chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), sharti la kawaida ni kufaulu masomo manne ya Kidato cha Nne yasiyo ya dini. Sharti hili linahusu Elimu ya Dini ya Kiislamu kama linavyohusu Maarifa ya Biblia. Baadhi ya programu za shahada nazo huweka sharti la namna hiyo zinapotazama cheti cha Kidato cha Nne.

Chukulia mtoto aliyepata D katika Kiswahili, Uraia, Historia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Wazazi wanahesabu masomo manne. Chuo kinahesabu matatu, na kijana anarudishwa.

Je, tuwaondoe watoto wetu katika somo la dini? Hasha. Somo hilo lina faida yake duniani na akhera. Linalotakiwa ni mtoto alifanye kama nyongeza, akiwa na masomo mengine manne au matano yaliyo imara. Lugha ya Kiarabu ni jambo jingine: hiyo ni lugha, na haiingizwi katika fungu la masomo ya dini.

Mwaka 2024 serikali ilitangaza orodha mpya ya tahasusi 65 za Kidato cha Tano, na miongoni mwake zimo zenye somo la dini ya Kiislamu. Hii ni fursa kwa kijana anayetaka ualimu wa dini au taaluma za Kiislamu. Hata hivyo, kabla ya kuichagua, familia ifungue mwongozo wa TCU na kuhakikisha kwamba shahada anayoikusudia inaipokea tahasusi hiyo.

Aliyekosa pointi hajakosa yote

Kuna njia ya diploma. Mwenye ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, aliyesoma diploma inayotambuliwa na kuhitimu kwa wastani, yaani GPA, usiopungua 3.0, anaweza kuomba shahada katika fani inayolingana na diploma yake. Njia hii ni ndefu zaidi, lakini mtoto anaimaliza akiwa na ujuzi mkononi. Kwa wakazi wa Karatu, vyuo vya kati havipo mbali: Arusha, mwendo wa takribani kilomita 150, kuna Chuo cha Ufundi Arusha na Chuo cha Uhasibu Arusha, na Tengeru kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii. Katika wilaya ambazo ajira nyingi hutegemea wageni wanaokwenda bonde la Ngorongoro, kijana asiidharau pia diploma ya utalii au ya uhifadhi wa wanyamapori.

Kuna pia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Aliyemaliza Kidato cha Sita bila kufikisha pointi 4 anaweza kuisoma akitimiza masharti ya chuo hicho. Akiimaliza kwa GPA isiyopungua 3.0, na kupata angalau C katika masomo matatu ya fungu lake, anakuwa na sifa ya kuomba shahada. Chuo Kikuu Huria kina kituo Arusha, na mfumo wake wa kusoma kwa masafa unamfaa hata mama mwenye watoto au kijana anayeshughulikia mifugo ya familia.

Jina moja katika karatasi zote

Kama kuna kikwazo kinachotuumiza sisi zaidi ya wengine, ni hiki cha majina. Katika Karatu yapo majumba mengi ambamo mtoto wa Kiiraqw huitwa Tluway na bibi yake, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, na akaitwa Abdallah na ustadhi wa madrasa. Zahanati imeandika jina moja, shule ya msingi jina lingine. Katika familia za Kimaasai zilizosilimu hali ni hiyo hiyo. Na hata jina likiwa moja, herufi hutofautiana: Hadija na Khadija, Athumani na Othman, Ramadhani na Ramadhan, Mohamedi na Mohamed. Kwetu ni jina lile lile. Kwa mfumo wa kompyuta ni watu wawili.

Mwombaji wa mkopo hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Cheti kisipolingana na majina ya NECTA, maombi hukwama. Dawa yake ni hati ya kisheria ya jina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa, na hiyo hula fedha na siku. Ni rahisi mno kulimaliza jambo hili mapema: mzazi aende shuleni mtoto akiwa Kidato cha Kwanza au cha Pili, kabla mkuu wa shule hajapeleka orodha ya watahiniwa, aviweke pamoja cheti cha kuzaliwa na jina la daftari la shule, na avisome herufi kwa herufi. Asiyejua kusoma aende na jirani anayejua.

Asiye na cheti cha kuzaliwa kabisa asisubiri. Mtoto aliyezaliwa bomani, mbali na zahanati, husajiliwa kwa ushahidi wa nyaraka nyingine, na utaratibu huo huchukua muda. Familia zilizohamia Msomera, wilayani Handeni, kuanzia Juni 2022 zihakikishe kwamba nyaraka za watoto hazikupotea katika safari, na kwamba uongozi wa kijiji wanachoishi sasa unawafahamu. Saini ya serikali ya kijiji au mtaa ni sehemu ya fomu ya mkopo.

Na kuhusu mayatima, tuseme kweli. Sisi Waislamu huharakisha maziko, na hilo ndilo tulilofundishwa. Lakini baada ya kumzika ndugu yetu wengi wetu hatuendi kuandikisha kifo chake. Miaka kumi baadaye mwanawe anaomba mkopo kama yatima, na hana cheti cha kifo cha kuthibitisha. Tuandikishe vifo vyetu. Huo nao ni wema kwa waliobaki.

Mkopo na swali la riba

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Maombi hufanywa kwa mtandao, na fomu iliyochapishwa hutiwa saini na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa kijiji au mtaa, na hakimu au wakili. Kaya zilizo katika mpango wa TASAF ziweke kumbukumbu yake, kwa kuwa ni ushahidi wa uhitaji. Mkopo huweza kugusa ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo, kwa viwango vinavyotofautiana kulingana na hali ya mwombaji. Akishaajiriwa, mnufaika hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe.

Wapo wazazi waliowazuia watoto wao wasiombe, wakihofia riba. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Kwa miaka kadhaa deni lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na mchelewaji alitozwa adhabu ya asilimia 10. Tarehe 1 Mei 2021, katika sherehe za Mei Mosi jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ile ya asilimia 6, na adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa mwaka huo huo.

Hukumu ya kisheria si kazi ya gazeti, tunawaachia wanazuoni. Tunachoweza kusema ni kwamba mwenye shaka aende kwa sheikh wake akiwa na mkataba wa mwaka huu mkononi, asomewe kipengele kwa kipengele, pamoja na ada yoyote ya uendeshaji iliyotajwa humo. Asiende na uvumi wa mwaka 2016. Mtoto asinyimwe elimu kwa sababu ya sharti lililokwisha kufutwa, wala asitie saini jambo ambalo familia yake haikulielewa.

Kwa wenye ufaulu wa juu sana katika masomo ya sayansi, serikali ilianzisha mwaka wa masomo 2022/2023 ufadhili unaojulikana kama Samia Skolashipu, ambao haurejeshwi.

Binti anapokwenda mbali

Baba wa Oldeani anayemtazama binti yake wa miaka kumi na tisa akifunga sanduku la kwenda Dar es Salaam ana haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini wasiwasi hautoshi kuwa jibu. Maswali yake yapate majibu kabla ya kuchagua chuo: je, chuo kina mabweni ya wanawake ndani ya eneo lake? Yupo jamaa karibu? Ipo jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu yenye viongozi wa kike wanaowapokea wageni? Jumuiya za namna hii zimo katika vyuo vingi, na TAMSYA huwaunganisha vijana wa Kiislamu mashuleni na vyuoni.

Vipo pia vyuo vilivyoasisiwa na Waislamu wenyewe. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha mafunzo cha TANESCO, yaliyotolewa na serikali ya Rais Benjamin Mkapa. Zanzibar kuna Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, kilichoanzishwa mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha SUMAIT, Chukwani. Masharti ya chini ya TCU huko ni yale yale. Asidhani mtu kwamba uchamungu utajazia pointi iliyopungua.

Cheti cha thanawi na vyuo vya nje

Baadhi ya vijana wetu husoma maahad hadi thanawi, kisha hutafuta nafasi Madina, Misri au kwingineko. Ni njia yenye heri, ila ina hesabu zake. Cheti cha sekondari cha nje hulinganishwa na NECTA, na shahada ya nje hutambuliwa na TCU. Kijana asiye na vyeti vya NECTA anaweza kurudi na shahada nzuri akakuta milango ya ajira ya umma ni mizito. Busara ni kusoma thanawi huku akifanya mtihani wa Kidato cha Nne na cha Sita, hata kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anayekwenda nje awasiliane na TCU kabla ya kuondoka, athibitishe kwamba chuo anachokiendea kinatambuliwa. Vita vilivyozuka Sudan mwezi Aprili 2023 viliwarudisha nyumbani wanafunzi wa Kitanzania katikati ya masomo. Aliyekuwa na nyaraka zake kamili ndiye mwenye wepesi wa kuanza tena mahali pengine.

Baada ya kutuma maombi

Kati ya mwaka 2010 na 2017 maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya TCU. Tangu 2017 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja katika vyuo anavyovitaka, katika awamu zinazotangazwa na Tume. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya siri kwa simu au barua pepe, na lazima aitumie kuthibitisha chuo kimoja kabla ya tarehe ya mwisho. Asipothibitisha huweza kuipoteza nafasi.

Kwa hiyo namba ya simu iliyojazwa iwe ya mtu anayepatikana. Kijana akirudi bomani ambako mtandao ni wa kubahatisha, aandike namba ya ndugu aliyeko Karatu au Wasso, na ndugu huyo aambiwe asiufute ujumbe wowote.

Msikiti unaweza kufanya nini

Haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mpangilio. Kila msikiti wa Ijumaa una mwalimu mmoja au wawili miongoni mwa waumini wake. Baada ya swala, mara moja kila muhula, mwalimu huyo akae na wazazi wa Kidato cha Pili na cha Nne, awasomee masharti na kukagua majina. Mwanafunzi aliyeko chuoni akirudi likizo awasaidie wadogo zake kujaza fomu. Kamati ya msikiti itenge akiba ndogo ya kuhakiki vyeti vya mayatima na kulipia maombi ya mkopo ya wasiojiweza.

Mzazi wa Mang'ola anajua kwamba vitunguu havisubiri siku ya soko ndipo vipandwe. Na udahili ndivyo ulivyo. Jioni ya leo, baada ya Magharibi, toa bahasha ya vyeti vya mwanao uviweke juu ya mkeka. Soma jina moja moja. Ukikuta tofauti, Jumatatu nenda shuleni.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi wazazi kutimiza sehemu yetu. Amin.